Je, wajua kwa nini mtaalamu hawezi kuwahesabu popo wa Pemba peke yake?

Popo mkubwa wa Pemba, ambaye wanasayansi humwita Pteropus voeltzkowi, hapatikani popote duniani ila kisiwani Pemba. Akitandaza mbawa zake, kutoka ncha hadi ncha hufika kama mita 1.6. Hakai pangoni. Mchana kutwa hujining'iniza kwenye miti mirefu, na jua likichwa huruka kutafuta embe, shelisheli, tini za porini na maua. Bara la Afrika halina hata jamaa zake wa karibu. Hao wako Madagaska, Komoro, Asia na visiwa vya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Akitoweka Pemba, ametoweka duniani.

Na alikaribia kutoweka. Kufikia mwaka 1989 ilikuwa kazi kuwaona hata wachache. Misitu ilikuwa imefyekwa, na popo mwenyewe akiwindwa kwa nyama, tena kwa bunduki. Mnyama ambaye jike wake huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka hawezi kustahimili hali hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1996 aliorodheshwa kimataifa miongoni mwa wanyama walio ukingoni mwa kutoweka. Lakini kufikia mwaka 2007 makisio yalionyesha kwamba wamefika takriban 20,000, na leo amewekwa katika daraja la hatari iliyo nafuu kuliko ile ya mwanzo, ingawa bado yumo hatarini.

Sasa jiulize: idadi hiyo inajulikanaje? Popo hana pete mguuni wala zizi la kumfungia.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuwahesabu mchana wakiwa wamelala mtini. Inaonekana nyepesi mpaka ufike chini ya mti wenyewe. Majani huwaficha, wengine hujibana wakawa kama rundo moja, na ukizunguka upande wa pili unaona kumi ambao hukuwaona mwanzo, na huna uhakika kama kati yao hakuna uliokwisha kuwahesabu. Ya pili ni kuwasubiri jioni, wakati wa Magharibi, wanapotoka. Wahesabuji hukaa pande mbalimbali za mti, kila mmoja na kipande chake cha mbingu, na kila popo anayekata upande wake humwandika. Wakitoka mmojammoja hakuna tabu. Wakifumka kwa pamoja, jicho halifuati tena. Hapo mhesabuji mzoefu hufanya kama anayepima karafuu kwa pishi: hahesabu chembe. Hulizoesha jicho lake ukubwa wa kundi la popo kumi, kisha huhesabu makumi.

Makosa yatakuwepo, na sayansi haiyaogopi mradi iyajue. Ndiyo maana watu wawili huhesabu upande mmoja bila kusemezana, kila mtu na karatasi yake. Tuseme mmoja kapata 340 na mwenzake 400. Hawagombani nani sahihi. Huandika zote mbili, na wanajua kwamba kosa lao liko kiasi gani. Wakirudia mwaka unaofuata, mwezi uleule, mahali palepale na kwa njia ileile, wataona kama kundi linakua au linapungua, hata kama idadi kamili hawataipata kamwe. Mwelekeo huo ndio wenye thamani kubwa.

Lakini hapa ndipo mtaalamu wa peke yake anaposhindwa. Popo huhama. Kundi la Kidike, si mbali na Chake Chake, likipungua mia tano, huenda hakuna aliyekufa. Wamehamia tu kwenye miti mingine yenye matunda zaidi. Mtaalamu anayezunguka kisiwa kwa wiki mbili anaweza kuwahesabu popo walewale mara mbili, au asiwahesabu kabisa. Dawa yake ni watu wengi kukaa chini ya miti mingi katika jioni moja. Hakuna chuo kikuu chenye wafanyakazi wa kutosha kwa kazi hiyo, ila vijiji vinao watu.

Vijiji vina ujuzi pia. Baadhi ya maskani ya popo yamo kwenye mikoko, mengine kwenye miti ya makaburi ya zamani, ambayo haikatwi kwa sababu ya heshima ya waliozikwa pale. Mgeni hajui miti hiyo iko wapi, na hata akijua, hawezi kuingia na daftari lake bila ya wazee kuridhia.

Wazo la kuwashirikisha wananchi si geni. Huko Marekani, katika sikukuu ya Krismasi kulikuwa na desturi ya kushindana nani ataua ndege na wanyama wengi zaidi. Mwaka 1900 mtaalamu wa ndege, Frank Chapman, alipendekeza watu waende kuwahesabu ndege badala ya kuwapiga risasi. Walioitikia mwanzo walikuwa 27. Siku hizi ni makumi ya maelfu, na hesabu yao imekuwa miongoni mwa kumbukumbu ndefu kuliko zote kuhusu ndege. Pemba nayo ilitoka kwenye bunduki: viliundwa vikundi vya uhifadhi vijijini, na Kidike wageni hulipa kiingilio kuwaangalia popo waliokuwa wakiwindwa.

Jambo moja nalishikilia kwa nguvu. Karatasi zikijazwa kijijini, zikapelekwa ofisini na zisirudi tena, huo si ushirikishwaji; ni kuwatumia watu kama vibarua wasiolipwa. Matokeo yarudi, yasomwe mbele ya sheha na wananchi, yabandikwe skuli, na aliyehesabu apewe nafasi ya kuuliza kwa nini mwaka huu wamepungua. Mara nyingi jibu analo yeye mwenyewe: mwezi uliopita aliona mkuyu ukikatwa.

Ukiwa Pemba ukakuta popo wamelala mtini, andika tarehe, saa, jina la mahali, aina ya mti kama unaijua, na makisio yako ya idadi, kisha mpelekee sheha au ofisi ya misitu. Usipige makofi wala kurusha mawe ili waruke: mama anayeshtushwa anaweza kumwangusha mtoto. Ukimkuta aliyeanguka, usimshike kwa mkono mtupu, maana popo anaweza kubeba maradhi.