Kutegea: kwa nini watu wanane huvuta kamba kama wanne

Aliyewahi kulala bweni, kupita JKT au kuchimba msingi wa zahanati siku ya msaragambo hahitaji kufafanuliwa neno hili. Kutegea ni kuwapo kazini bila kuifanya kazi: jembe umelishika, mgongo umeinama, lakini udongo unaohama ni wa jirani yako. Mtegeaji si mtoro. Mtoro hayupo, na jina lake litasomwa. Mtegeaji yupo, jasho kidogo linamtoka, na chai ikifika anakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Tumezoea kulitumia neno hili kama tusi, kana kwamba kutegea ni ugonjwa wa watu fulani waliolelewa vibaya. Wanaochunguza kazi za vikundi wanaliona kwa jicho jingine. Kwao, kutegea ni kupungua kwa juhudi ya mtu anapofanya kazi na wenzake, ukilinganisha na juhudi yake akiwa peke yake. Humpata hata mchapakazi, mara nyingi bila mwenyewe kujua.

Habari hii inaanzia Ufaransa, kwa mhandisi wa kilimo aliyeitwa Max Ringelmann. Miaka ya 1880 alikuwa akipima nguvu za wanyama na binadamu katika kazi za shamba, na baadhi ya vipimo vyake vilikuwa vya kuvuta kamba. Matokeo aliyachapisha mwaka 1913. Mtu akivuta peke yake, tuseme anatoa 100. Wakiwa wawili, kila mmoja anatoa 93. Watatu, 85, wanne, 77. Wakifika wanane, kila mmoja anatoa 49. Sasa piga hesabu: watu saba kwa 56 kila mmoja ni 392, na watu wanane kwa 49 ni 392 hiyohiyo. Mtu wa nane ameshika kamba, amekunja uso, na hajaongeza kitu.

Ringelmann mwenyewe aliona sababu kubwa ni kwamba watu hawavuti kwa pamoja: huyu anavuta wakati yule anapumua. Lakini aligusia pia wafungwa waliokuwa wakizungusha mpini wa kinu cha unga. Baada ya muda mfupi kila mmoja alimtegemea mwenzake, mkono wake ukabaki kuufuata mpini tu, na wakati mwingine mpini ndio uliokuwa ukimvuta yeye.

Hapo zipo hasara mbili, na makosa mengi ya viongozi wa ofisi hutokana na kuzichanganya. Ya kwanza ni ya kupishana. Dawa yake watu wa pwani waliijua kabla ya chuo chochote: wanaovuta chombo kukipandisha ufukweni hawavuti kimya, wanaitikia. Neno "harambee" lenyewe, kabla ya kuingia kwenye nembo ya Kenya, lilikuwa mwito wa watu wanaovuta au kuinua mzigo mzito ili nguvu zitoke kwa sekunde moja. Hata kwenye kamba ya SHIMIWI, ambako wizara na idara za serikali ya Tanzania hushindana, sauti ya anayewaongoza wavutaji ina thamani kama misuli yao. Ofisini, mwito huo ni ratiba inayoeleweka na mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Hasara ya pili haiponi kwa mwito. Mwaka 1974 Alan Ingham na wenzake, huko Marekani, waliwafunga watu vitambaa machoni, wakamweka mhusika mbele kwenye kamba, na nyuma yake wakasimama wasaidizi wa watafiti waliojifanya wanavuta. Yule wa mbele alikuwa anavuta peke yake bila kujua, kwa hiyo hapakuwa na wa kupishana naye. Bado nguvu zake zilishuka: alipodhani wako watatu alitoa kama 85 katika 100 zake.

Miaka mitano baadaye, 1979, Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins waliacha kamba wakawaambia watu wapige kelele kwa nguvu zao zote. Aliyedhani anapiga kelele na mwenzake mmoja alitoa asilimia 82 ya sauti yake. Aliyedhani wako sita, asilimia 74. Lakini kilichonifanya niandike haya ni jaribio lao la 1981. Watu walipoambiwa kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa peke yake hata wakiwa kundini, kutegea kulitoweka. Watu walewale, koo zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mchango ulikuwa na mwenyewe.

Ukishalijua hilo, mambo mengi ya ofisini yanaeleweka. Barua pepe ikitumwa kwa watu kumi na moja, "naomba maoni yenu", maoni hayaji. Ikitumwa kwa mmoja, anajibu kabla ya saa sita. Kwenye kundi la WhatsApp la idara, bosi anaandika kazi, watu wanaweka vidole gumba, na kila kidole kinamaanisha "naamini kuna mtu ataifanya". Niliwahi kuwa katika kikosi cha watu saba cha kuandika ripoti ya robo mwaka. Majina yetu yote saba yalikaa kwenye jalada. Ripoti iliandikwa na wawili, usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha, na mimi sikuwa miongoni mwao. Sikukusudia kutegea. Nilikuwa nasubiri nitumiwe rasimu, na baadaye niligundua kwamba wengine wanne nao walikuwa wakisubiri rasimu hiyohiyo.

Wale wawili ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu hawabaki vile milele. Mtu akiona anabeba mzigo wa wenzake, robo ya pili hupunguza mwendo, kwa kuwa hataki kufanywa punda. Hapo timu inakuwa na wategeaji saba, na meneja anaita mkufunzi wa kuhamasisha kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. (Chakula huwa kizuri, hilo nalikiri.) Si kwamba mambo huenda hivyo daima: Williams na Steven Karau walionyesha mwaka 1991 kwamba mtu akiiona kazi ni ya maana, na akijua mwenzake hataiweza, huweza kujituma kuliko hata angekuwa peke yake. Basi mtu anayeamini kwamba ripoti itasomwa na kubadili bajeti hategei sawasawa na anayejua inakwenda kabatini.

Wengi wakisikia haya hukimbilia kupima kila kitu: faili ngapi kwa siku, simu ngapi kwa saa. Nadhani ni kosa. Karani akipimwa kwa idadi ya faili atachagua faili nyembamba, na mwenzake akikwama hatainua kichwa, maana msaada hauna safu kwenye jedwali. Inatosha sehemu ya kila mtu kuwa na jina lake na ionekane na wenzake wa meza ileile, si lazima na mkubwa wa ghorofa ya juu. Na kikosi kiwe kidogo. Ukitaka kumwongeza mtu wa nane, mwulize atashika sehemu gani ambayo leo haina mtu. Akikosa jibu, mwache kwenye kazi yake.

Sisi wa ile ripoti hatukupewa semina. Robo iliyofuata, mmoja wa wale wawili alibandika karatasi ukutani karibu na birika la chai, sura saba, majina saba, tarehe saba. Yangu ilikuwa ya nne, matumizi ya mafuta ya magari. Kila nilipokwenda kumimina chai niliiona, na wengine waliokuja kumimina walikuwa wakiiona pia.