Je, wajua kwa nini kwa Kiingereza mwizi anashikwa "red-handed"?

Najua ushasikia, fulani kakamatwa red-handed, yaani kadakwa laivu na kidhibiti anacho. Sasa kwa nini mkono, na kwa nini uwe mwekundu? Ni damu tu, tena damu mbichi.

Neno lenyewe limetokea Scotland kwenye mambo ya sheria. Mwaka 1432, enzi za mfalme James I, sheria za bunge la huko zinataja mhalifu aliyeshikwa na "mkono mwekundu", na hapo hawakuwa wanapamba lugha, jamaa kaua na damu haijakauka. Na ilikuwa na uzito kweli, maana mwaka 1674 mwanasheria George Mackenzie aliandika kwamba mtu asiposhikwa na mkono mwekundu basi sherifu (huko ni hakimu wa eneo) hawezi kuendelea na kesi yake. Yaani ukiwahi kunawa umempunguzia sherifu kazi 😂

England nako kwenye misitu ya mfalme ilikuwa hivyohivyo. Ukiwinda paa wa mfalme kulikuwa na dalili nne za kukutia hatiani: ukutwe umesimama tayari na upinde, au unafuata mnyama aliyejeruhiwa ukiongozwa na mbwa, au umembeba mgongoni, au mikono ina damu. Ni kama sisi tu na ile yetu ya aliyekutwa na ngozi ndiye mla nyama.

Kuna watu wanakwambia limetoka Ireland, kwenye ule mkono mwekundu wa nembo ya Ulster, jimbo la kaskazini mwa nchi hiyo, eti watu walishindana kwa mashua, wa kwanza kugusa nchi kavu anakuwa mfalme, mmoja akaona anaachwa akajikata mkono akaurusha ufukweni. Stori tamu ila haihusiani, huyo wala hakukamatwa, alishinda!

Aliyelisambaza kwa wasomaji ni Walter Scott kwenye riwaya ya Ivanhoe, ambako kuna mtu aliyeshikwa hivyo akafungwa kwenye pembe za paa dume mwitu. Scott mwenyewe ni Mskoti, kasomea sheria, na tangu 1799 alikuwa sherifu wa Selkirkshire, kwa hiyo hilo neno alilijua kikazi kabisa. Baada ya hapo likaanza kutumika kwa kosa lolote, hata la mtu kuiba biskuti.