Dhana potofu zinazokuchelewesha kwenye rubiki

Naumia sana nikiona mtu kaiweka rubiki (ule mchemraba wa rangi sita unaozungushwa mpaka kila upande uwe rangi moja) kabatini kwa sababu ya maneno ya kusikia tu, maana mengi yanayosemwa si kweli kabisa.

"Lazima uwe kichwa cha hesabu."
Hapana. Ndio, inaweza kuvurugika kwa namna zaidi ya kwintilioni 43, ila ukiwa unaitatua huhesabu chochote, unatambua umbo alafu mkono unafanya ulichozoea. Kama unayo iliyokamilika ijaribu sasa hivi: upande wa kulia uzungushe robo kwenda juu, tabaka la juu robo kufuata saa, kulia urudishe chini, la juu urudishe kinyume. Rudia hivyo mara 6, itavurugika wee alafu itarudi yenyewe kama ilivyokuwa.

"Maliza rangi moja, uhamie nyingine."
Hii ndo inayopoteza wengi. Vile vipande vya katikati havihamiani, kwenye rubiki za kawaida nyeupe siku zote inatazamana na njano. Vinavyohama ni kona 8 zenye rangi tatu tatu na vipande 12 vya ukingo vyenye rangi mbili mbili, kwa hiyo upande mweupe ukijaa huku rangi za pembeni hazijaoana na katikati zake, bado hujafanya kitu, utabomoa tu. Nenda tabaka kwa tabaka.

"Spidi ni mikono."
Hapa naomba tuelewane vizuri. Njia inayotumika zaidi ni CFOP (herufi za Kiingereza za hatua zake nne), ile iliyopata umaarufu kupitia mtaalamu wa rubiki Jessica Fridrich: unaanza na msalaba, yaani vipande 4 vya ukingo vinavyozunguka katikati ya upande mmoja, unajaza tabaka mbili za chini kwa jozi 4 za kona na ukingo, unageuza rangi ya juu yote, mwisho unapanga vipande vya juu. Tuseme ni mizunguko 60. Anayezungusha mara 4 tu kwa sekunde bila kusimama anamaliza kwa sekunde 15. Mwenzake anazungusha mara 8, mikono yake inahitaji sekunde 7 na nusu tu, lakini kila jozi anasimama sekunde 2 kuitafuta, tayari sekunde 8 zimeondoka, jumla 15 na nusu, na bado hajasimama kufikiria tabaka la juu! Kwa hiyo punguza mwendo mpaka uweze kuangalia jozi inayofuata wakati mikono inaweka hii ya sasa. Mwanzoni inaboa kweli, vumilia, hapo ndo muda unashuka.

"Kariri fomula zote kwanza."
Fomula ni mfuatano wa mizunguko unaoukariri. Tabaka la juu lina fomula 57 za kugeuza rangi na 21 za kupanga vipande, 78 jumla, na mtu akiziona siku ya kwanza anakimbia. Ukiigawa kila hatua mara mbili zinatosha 10 za kugeuza na 6 za kupanga, na kwa hizo 16 watu wanashuka vizuri tu chini ya sekunde 30.

"Mabingwa wanaijua ile njia ya mizunguko 20."
Mwaka 2010 ilithibitishwa kwa kompyuta kwamba rubiki yoyote inatatulika kwa mizunguko 20 au pungufu, ila hiyo njia kuiona kwa macho haiwezekani. Max Park wa Marekani alipomaliza kwa sekunde 3.13 mwaka 2023 hakuwa anatafuta hiyo. Kwenye mashindano unapewa sekunde 15 za kuitazama kabla ya kuanza, na wazuri wanazitumia kupanga msalaba wote, ambao hauzidi mizunguko 8, pamoja na jozi ya kwanza.

"Imegoma kwa sababu sijui fomula."
Angalia kwanza. Ikianguka kona moja ikajigeuza, au mtu akiifumua na kuirudishia ovyo, nafasi ya kutatulika ni 1 kati ya 12 kwa huyo wa kurudishia ovyo, na kwa ile ya kona moja haipo kabisa. Ikabaki kona moja tu imepinda wakati vingine vyote viko sawa, ishike hiyo kona uizungushe kwa vidole hapohapo, uendelee.