Tanga kwa baiskeli: kwa nini njia yangu inafuata reli

Wageni wengi wanaofika Tanga hupewa ratiba ileile: asubuhi Mapango ya Amboni, mchana samaki kando ya bahari, kesho yake safari ya Pangani au Lushoto. Mji wenyewe wanauona kupitia kioo cha gari. Kazi yangu ni kuwaongoza watu mjini kwa baiskeli, na swali ninaloulizwa mara nyingi, hata na wenyeji, ni kwa nini naanzia Ngamiani na kumalizia Raskazone badala ya kuanza na majengo ya Wajerumani ambayo kila mtu anayapiga picha. Jibu ni kwamba sikufuata majengo. Nimefuata reli.

Itazame ramani ya Tanga. Kaskazini ni bandari, ofisi, mabenki, na majumba ya zamani ya Wajerumani na Wahindi. Kusini ni Ngamiani, mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, yenye namba badala ya majina, kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja. Baina yao imelala reli. Ujenzi wake ulianza hapa mwaka 1893, ikiwa ya kwanza kujengwa Tanganyika. Ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi mwaka 1911. Mtu asipoivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, tena polepole, ataondoka na nusu ya mji akidhani ameuona wote.

Baiskeli inafaa kwa sababu Tanga ni tambarare na wenyeji wake, wake kwa waume, ni watu wa baiskeli tangu zamani. Mgeni akipita juu ya baiskeli haonekani kituko, na anasikia akisalimiwa. Kwa miguu jua litamchosha kabla hajafika Raskazone. Kwa gari atazipita baraza zote bila hata "hodi". Baiskeli zangu ni zile za kawaida za chuma, zenye keria nyuma na kengele, hazina gia. Nilizichagua makusudi: ikiharibika chochote, fundi yeyote wa mtaani anaijua na spea zake zipo.

Tunaondoka baada ya swala ya alasiri. Sababu ya kwanza ni adabu: Ngamiani ina misikiti mingi, na haipendezi kundi la wageni kukatiza mbele ya watu wanaoingia kuswali. Ya pili ni jua. Raskazone iko mashariki, kwa hiyo ukiiendea jioni jua liko mgongoni na kuta za majumba ya zamani zinapata mwanga. Ukiiendea asubuhi, jua linakupiga usoni njia nzima na hakuna unachokiona.

Ngamiani ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi. Namsimamisha mgeni mbele ya nyumba moja tu ya Kiswahili na kumweleza namna ilivyojengwa, maana akiielewa hiyo ameuelewa mtaa mzima. Mbele kuna baraza ya kukalia. Ukiingia mlangoni unakuta ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja mpaka nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha ua wenye jiko, choo na pa kufulia. Zile za zamani zilisimamishwa kwa miti na udongo, zikapigwa chokaa, juu zikaezekwa bati. Mpango huo uliwafaa sana watu wa mji wa kazi: mwenye nyumba anachukua chumba kimoja au viwili, vilivyobaki anapangisha, na wapangaji wote wanakutana uani. Mnyamwezi, Mdigo, Msambaa, Mbondei na Mmakonde walipikia ua mmoja. Wengi wao waliletwa na mkonge na reli, wengine wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba mashambani, mkataba ukaisha na kwao hawakurudi.

Ndiyo maana muziki wa Tanga ukawa vile ulivyokuwa. Ngamiani ilikuwa na bendi za dansi kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, ambako mwimbaji Bi Shakila alijijengea jina. Black Star waliingiza magitaa ya umeme na mapigo ya dansi ndani ya taarabu, jambo ambalo taarabu ya Unguja yenye fidla na kanuni (ala ya nyuzi) haikuwa nalo. Mimi naamini lisingetokea kwa urahisi mahali pengine. Wapiga dansi na wapiga taarabu walikuwa majirani, wanasikilizana mazoezi kupitia ukuta.

Mpira nao una anwani hapa. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, ni watu wa barabara ya kumi na moja. African Sports, Wana Kimanumanu, ni watu wa barabara ya kumi na mbili. Mtaa mmoja tu unawatenga. Coastal walichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na ukisimama na kundi pale barazani ukautaja mwaka huo, jiandae kukaa. Nawaachia wazee waeleze wenyewe. Mgeni anapata zaidi kwa mzee anayebishana na mwenziwe nani alifunga bao kuliko kwangu mimi.

Kuna utaratibu mmoja ambao kila mgeni wangu anauzingatia. Tukikuta turubai la msiba, sote tunashuka na kukokota baiskeli mpaka tupite, kimya, bila kamera. Tukiona viti vimepangwa hadi katikati ya barabara, tunageuza na kupitia mtaa wa pili. Na aliye mkubwa hapitwi bila shikamoo. Nawafundisha wageni neno hilo kabla hata ya kuwagawia baiskeli.

Kituo ninachokipenda zaidi Ngamiani ni cha fundi baiskeli. Tyubu ikitoboka, fundi hahangaiki kufungua gurudumu zima. Anaipindua baiskeli ikae kwa siti na usukani, anaunyanyua ukingo wa tairi kwa mpini wa kijiko, anaivuta tyubu nje na kuijaza upepo. Kisha anaizamisha kipande kwa kipande kwenye karai la maji mpaka mapovu yatoke. Hapo anachomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu ili lisimpotee akiikausha. Anakwangua kwa msasa, anapaka solusheni, anaigusa kwa ncha ya kidole, na hataki kubandika mpaka isinate tena. Wageni wengi hapo ndipo wanapodhani gundi imeharibika. Kiraka chenyewe kimekatwa kwenye tyubu kuukuu. Anakiweka, anakigonga kwa nyundo, anarudi kwenye karai kuhakikisha. Kazi hii imewekwa hadharani, chini ya mti, na yeyote anaweza kusimama akajifunza. Kwangu ni sehemu ya urithi wa mji huu sawa na jengo lolote.

Kisha tunavuka reli.

Hapo ndipo ninapouleta mkonge, kwa sababu mkonge na reli ni watoto wa mwaka mmoja. Mwaka uleule wa 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yaliyoifanya nchi hii kuwa ya kwanza duniani kwa katani. Katikati ya miaka ya 1960 uzalishaji ulizidi tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za nailoni zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na kazi ikapungua mwaka hadi mwaka. Ukiona ghala kubwa lililofungwa au jumba la ghorofa ambalo linaonekana limezidi ukubwa wa mtaa wake, uliza fedha zilitoka wapi. Mara nyingi ni mkonge.

Kwenye majengo ya serikali siendi kwa kirefu. Mnara wa saa wa mwaka 1901 karibu na bustani ya Jamhuri, boma la zamani ambalo sasa ni makumbusho, mahakama ya Usambara: haya yote yana vibao na mgeni anaweza kurudi peke yake. Ninaloliongeza ni la watu waliofanya kazi humo. Mwaka 1922, hapa Tanga, Martin Kayamba na makarani wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Chama hicho hutajwa kuwa mtangulizi wa African Association iliyozaliwa Dar es Salaam 1929, ambayo ikawa Tanganyika African Association (TAA), na TAA ikazaa TANU mwaka 1954. Shaaban Robert naye alikuwa karani katika mji huu: ofisi ya wilaya kuanzia 1946 hadi 1952, kisha ofisi ya upimaji. Nawaambia wageni wamfikirie mtu anayeshinda na majalada ya serikali ya kikoloni mchana kutwa, akirudi nyumbani anaandika. Wanafunzi wa sekondari ninaowaongoza hunyamaza hapo, kwa kuwa wamemsoma darasani lakini hawakuwahi kumweka kwenye mtaa wanaoujua.

Kutoka hapo tunashika njia ya Raskazone, na hii ndiyo sehemu ambayo baiskeli yenyewe inaingia katika historia.

Tarehe 2 Novemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeanza na Wajerumani wakitawala hapa, meli za Uingereza zilitokea mbele ya Tanga zikiwa na jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Nahodha wa manowari Fox alitangulia kuutaka mji usalimu amri, akatoa muda, na muda huo ukatosha kwa Wajerumani kupeleka habari. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na askari wengi upande wa Moshi. Akawapakia kwenye treni. Bila ile reli ya 1911 wasingewahi.

Lettow-Vorbeck mwenyewe alishukia Kange, kule kule ambako leo abiria wa mabasi wanashukia, usiku wa kuamkia tarehe 4. Hakujua kama Waingereza wameshaingia mjini. Akachukua baiskeli, yeye na wenzake wawili, wakaja kuangalia. Mwezi ulikuwa unang'aa, nyumba nyeupe zikionekana wazi, na mji ukiwa mtupu. Wakafika bandarini wakaona meli zimewasha taa. Wakaendelea kuelekea Raskazone, wakaziacha baiskeli kwenye hospitali ya serikali ya Wajerumani, wakashuka kwa miguu mpaka ufukweni, ambako manowari ilikuwa mbele yao. Jengo la zamani la hospitali lingali lipo eneo la Bombo, nasi tunasimama karibu nalo. Safari ile ndiyo iliyomfanya aamue mahali pa kupanga askari wake. Mchana wake Waingereza walifika mpaka forodhani na kwenye hoteli ya Kaiser, wakasukumwa nyuma, na tarehe 5 wakarudi melini. Nyuma waliacha bunduki, bunduki za rasharasha, na risasi zipatazo 600,000. Waliowashinda walikuwa kama elfu moja, na wengi wao walikuwa askari Waafrika.

Watu husimulia pia kwamba nyuki waliingia katika vita hiyo, na habari hiyo naieleza kama ilivyokuwa. Kwenye miti kulikuwa na mizinga, risasi zikaivuruga, nyuki wakawavamia askari wa pande zote mbili. Yale maelezo kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao makusudi yalipendwa na magazeti ya Ulaya, na sioni sababu ya kuyarudia wakati ukweli wenyewe unatosha.

Kisha tunakwenda makaburini. Yapo makaburi ya kumbukumbu ya wanajeshi wa Uingereza na India, yanatunzwa vizuri, na naheshimu hilo. Lakini mgeni wangu haondoki bila kusikia habari ya wapagazi. Vita ile ya Afrika Mashariki iliendelea mpaka Novemba 1918, mizigo yake ikibebwa vichwani, na wapagazi Waafrika waliokufa kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu ni makumi kwa maelfu. Wengi hawana kaburi lenye jina mahali popote. Waliobeba mizigo hiyo walikuwa watu wa kawaida kama wale tuliowasalimia Ngamiani, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuanzia kule. Mtu aliyekwisha kukaa barazani na kusalimiana na watu anaisikiliza habari hii kwa namna nyingine kabisa.

Kutoka ghubani utakiona kisiwa cha Toten, chenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Baiskeli haifiki huko, inahitaji mtumbwi.

Ukitaka kuja, vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, chukua maji, na usibebe begi la mgongoni, liweke kwenye keria. Miezi ya masika nasogeza au naahirisha, kwa kuwa baadhi ya mitaa hujaa maji na mashimo hayaonekani. Mtoto asiyejua kuendesha anakaa kwenye keria yangu.

Tongoni naipangia siku yake, kwa sababu ni mwendo mrefu kusini kwa barabara ya Pangani, na watu wengi wanakosea kwa kutaka kuichanganya na mji. Kule kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya arobaini, kadhaa yakiwa na nguzo, na ndiyo pwani ya Mtang'ata ambako Vasco da Gama aliichoma meli yake São Rafael mwaka 1499, alipokuwa akirudi kutoka India na mabaharia hawatoshi kuiendesha. Kwa safari hiyo tunaondoka mara baada ya alfajiri, tunapitia upande wa Machui, karibu na Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na kila mtu anabeba tyubu moja ya akiba.