Maumivu ya kukua ni kitu kingine, goti la mwanamichezo ni kitu kingine

Mtoto wa miaka 13 anatoka uwanjani akichechemea, anaweka kidole mahali pamoja chini ya goti, na mtu mzima aliye karibu anamwambia: "Hayo ni maumivu ya kukua, yatapita." Utasikia hivyo Kampala, Mbale na Kapchorwa, kwa walimu wa michezo, kwa mametroni wa mabweni, hata kwa wahudumu wa afya. Husemwa kwa nia njema, na karibu kila mara husemwa pasipo pake.

Maumivu ya kukua ni maumivu ya miguu ya watoto wadogo, wa miaka 3 hadi 12 hivi. Huja jioni au usiku, miguu yote miwili, kwenye mapaja, mashavu ya miguu au nyuma ya magoti. Mtoto huamka akilia, husuguliwa kidogo, hulala tena, na asubuhi hukimbia kama kawaida. Ukimbonyeza hupati mahali panapouma. Hana uvimbe wala hachechemei. Maana yake inaishia hapo.

Jina lenyewe ni la zamani. Daktari Mfaransa Marcel Duchamp aliyaandika maumivu haya mwaka 1823 akiyahusisha na ukuaji, na jina likabaki ingawa uhusiano huo haujathibitishwa hadi leo. Miguu hukua kwa kasi zaidi utotoni kabisa, kisha tena wakati wa balehe, ilhali maumivu haya hujaa katikati, miaka ambayo kasi imetulia. Yaani maumivu yanayobeba jina la kukua hayajaonyeshwa kuletwa na kukua. Yale ambayo kweli yanatokana na mwili unaorefuka ni ya yule mtoto wa uwanjani, na hayo yana jina lake: Osgood-Schlatter. Robert Osgood wa Boston na Carl Schlatter wa Zurich waliyaeleza mwaka uleule, 1903, kila mmoja kivyake.

Kinachotokea ni hiki. Misuli mikubwa ya mbele ya paja hushuka hadi pia ya goti, na kutoka hapo kano nene huteremka na kushika kinundu kilicho juu ya muundi. Kwa mtu mzima kinundu hicho ni mfupa mgumu. Kwa mtoto anayebalehe bado kina gegedu na eneo la ukuaji ambalo halijafunga. Mifupa inarefuka haraka, misuli inabaki imekaza, na kila shuti, kila mruko, kila mbio za kasi huvuta palepale. Ni kama kigingi cha ng'ombe kilichochomekwa kwenye udongo mbichi baada ya mvua: kamba haikatiki, kinachotikisika ni kigingi. Kinundu huvimba, huuma, na mfupa mpya hujijenga hapo. Huwapata hasa wasichana wa miaka 8 hadi 13 na wavulana wa miaka 10 hadi 15. Maumivu yakiwa kwenye ncha ya chini ya pia ya goti yenyewe, hiyo ni Sinding-Larsen-Johansson, ndugu yake wa karibu, na matunzo yake ni yaleyale.

Kuvitofautisha hakuhitaji mashine. Mkalishe mtoto, goti likunjwe, bonyeza kwa kidole gumba kile kinundu kilicho vidole viwili au vitatu chini ya pia ya goti. Akiruka kwa maumivu hapo na si kwingine, kisha akaumia tena anapojaribu kunyoosha goti huku umemzuia kwa mkono, umepata jibu. Picha ya eksirei kwa kawaida haina la kuongeza. Ila usiishie kwenye goti. Mlaze chali, mkunje nyonga, zungusha paja lake kuelekea ndani upande mmoja kisha wa pili. Paja likigoma kuzunguka, au likijipeleka nje lenyewe unapolikunja, tatizo liko kwenye nyonga ingawa mtoto anashika goti. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kwenye eneo lake la ukuaji, mara nyingi kwa kijana mwenye uzito mkubwa, na maumivu yakasikika gotini tu. Huyo asikanyage tena mguu ule. Abebwe hospitali siku hiyohiyo, na asipandishwe boda boda akiwa ametanua miguu.

Hapa ndipo lile neno la kufariji linapofanya madhara. Goti moja linalouma usiku na mchana bila kujali michezo, lenye uvimbe unaokua juu au chini yake, linahitaji picha haraka, kwa sababu saratani ya mfupa ya vijana hupenda mahali hapohapo. Goti la moto, homa, na mtoto anayekataa kukanyaga ni dalili ya usaha kwenye mfupa au kwenye kiungo, na hiyo haisubiri kesho. Maumivu ya mifupa yanayohama huku na huku, macho ya manjano na upungufu wa damu yanataka kipimo cha selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyosema. Utafiti wa kitaifa uliopima damu ya watoto wachanga Uganda ulikuta asilimia 13.3 wamerithi chembe hiyo na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe, kwa hiyo si jambo la nadra. Na aliyesikia mlio gotini akiruka, kisha akashindwa kuinua mguu ulionyooka, huenda kinundu kimeng'oka. Mfunge ubao mguu ukiwa umenyooka, mpeleke.

Tukirudi kwa Osgood-Schlatter yenyewe: dawa yake kuu ni kupunguza mzigo, na mzigo hauwezi kupunguzwa kabla haujahesabiwa. Mtoto wa bweni anaweza kuwa anachezea darasa lake, nyumba yake, timu ya shule, na likizo timu ya kijiji, na kila kocha anaona mazoezi yake tu. Andika wiki nzima kwenye karatasi. Anza kuondoa miruko, mbio fupi za kasi na mashuti ya mbali, ubakize pasi, kutembea na kuogelea kama kuna maji salama. Kumlaza miezi mitatu bila kufanya lolote si lazima, tena hudhoofisha paja na tatizo hurudi wiki ya kwanza anaporejea. Tumia kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10. Kati ya 0 na 2 anaendelea. Kati ya 3 na 5 anapunguza. Zaidi ya hapo anatoka. Na maumivu yawe yamerudi kwenye kiwango chake cha kawaida kufikia asubuhi, la sivyo mazoezi ya jana yalizidi.

Kuna mizigo ambayo haionekani kwenye ratiba ya michezo. Kupiga magoti kunaweka uzito wa mwili moja kwa moja juu ya kinundu. Msichana wa Buganda au Busoga anayepiga magoti kuamkia wakubwa, kisha akapiga tena magoti kusugua sakafu ya bweni, anajiumiza mara nyingi kwa siku bila kugusa mpira. Wazee wakielezwa huelewa: achuchumae kidogo tu, au ainame, mpaka apone. Sakafu apigie deki kwa mpini mrefu. Adhabu ya kupiga magoti kwenye changarawe na ya kuruka kichurachura ni mbaya kwa goti lolote, na kwa goti hili ni kulichokoza kwa makusudi.

Nguvu ya paja ijengwe taratibu. Wiki 4 za kwanza: akae chini, mguu umenyooka, taulo iliyokunjwa chini ya goti, abonyeze taulo kwa kukaza paja sekunde 30, mara 10, kila siku. Kisha, hadi wiki ya 12, aegemee ukuta na kushuka kama anayekaa, halafu hatua ndefu za kukunja goti, seti 3 za mara 10, leo afanye, kesho apumzike. Misuli ya nyuma ya paja na mashavu ya miguu inyooshwe taratibu. Barafu ifungwe kitambaani, dakika 10 hadi 15 baada ya mazoezi, isigusane na ngozi. Parasetamoli au ibuprofeni kwa kipimo cha uzito wake zinafaa siku chache, ibuprofeni baada ya kula. Sindano ya diklofenaki kabla ya fainali ili "amalize mechi" huzima onyo huku gegedu likiendelea kuvutwa. Kuchanja kwa wembe na kupaka dawa huleta vidonda, na kukanda kinundu kwa mafuta ya moto huongeza uvimbe uliokuwa unaanza kushuka.

Mzazi asishtuke kinundu kikibaki baada ya maumivu kwisha. Huo ni mfupa, hautashuka, na kwa wengi hautawasumbua isipokuwa wakipiga magoti. Kupona hupimwa kwa mguu wenyewe: aruke mguu mmoja mara 10, maumivu yasizidi 2, kisha arudishiwe mbio, baadaye miruko, mwisho mechi nzima. Kwa wengi huchukua miezi, na kwa baadhi hurudirudi mpaka eneo la ukuaji lifunge.

Kwa hiyo mwalimu anapoandika barua ya kumrudisha mtoto nyumbani, badala ya "ana maumivu ya kukua" aandike mahali hasa panapouma, ni mguu mmoja au yote, huanza wakati gani, na kama mtoto anaamshwa usiku. Mistari minne inatosha, na atakayempokea kliniki atajua aanzie wapi.