Kayongo na Kansa Iliyolala

"Si mlisema imeisha, daktari?"

Mama huyo wa Seme alikatwa titi na kumaliza kemo miaka tisa nyuma. Sasa kansa imemrudia kwenye uti wa mgongo. Nikaanza kumweleza habari za seli za kansa zinazolala, na za chanjo inayojaribiwa ili kansa isirudi, akanikatiza: "Kumbe ni kama kayongo."

Tangu siku hiyo nimeacha mifano yangu yote. Kwa wasiolima huku kwetu, kayongo, au striga, ni lile gugu la maua ya zambarau linalofyonza mahindi. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, zaweza kukaa udongoni hata miaka 20 zikingoja mzizi wa mahindi upite karibu. Palilia upendavyo, zenyewe zipo.

Dawa nyingi za kemo huiua seli inapogawanyika. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, kwa kuwa seli za mashina ya nywele nazo hugawanyika upesi. Seli ya kansa iliyojificha kwenye uboho na kuacha kugawanyika haiguswi. Wala haihitaji kubadilisha jeni zake ili kuishinda dawa, kulala kunaitosha.

Chanjo ninayoizungumzia si ile ya HPV, virusi vinavyoleta kansa ya mlango wa kizazi, ambayo wasichana wetu wa miaka 10 walianza kudungwa mwaka 2019. Ile hukinga kansa isianze. Hii anapewa aliyekwisha kuugua. Seli T, askari wa kinga ya mwili, haziangalii kama seli inagawanyika au imelala. Zinakagua vipande vya protini vilivyoanikwa juu ya seli, na chanjo huzifundisha ni vipande gani vya kutafuta. Kuna jaribio la wagonjwa 157 wa melanoma, aina ya kansa ya ngozi, waliokwisha kufanyiwa upasuaji. Baadhi walipewa pembrolizumab, dawa inayowafungulia njia askari hao, pamoja na chanjo ya mRNA, yaani maagizo ya kutengeneza protini, iliyotengenezwa kulingana na uvimbe wa kila mmoja. Kwao, hatari ya kansa kurudi au ya kufa ilikuwa chini kwa asilimia 44 kuliko kwa waliopewa pembrolizumab peke yake. Uvimbe wenyewe ulishaondolewa na kisu, kwa hiyo vita ilikuwa dhidi ya mabaki.

Ila seli iliyolala ni mjanja. Mara nyingi hupunguza kuanika vipande hivyo, askari akapita mlangoni bila kuona kitu. Isitoshe ziko chache, zimetawanyika. Hapo ndipo kazi kubwa ilipobaki.

Kwenye kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, kule Mbita, watafiti walionyesha kwamba desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ikipandwa katikati ya mahindi, mizizi yake huidanganya mbegu ya kayongo ichipuke, kisha inakufa kwa kukosa pa kunyonya. Wapo wanaofikiria kuiamsha kansa vivyo hivyo, kisha waipige. Mimi naogopa. Ukikosea shabaha shambani unapoteza mahindi. Hapa ni mtu. Heri chanjo iikute usingizini.

"Hiyo chanjo iko hapa Kisumu?" aliniuliza.

"Bado, mama."

"Na dada yangu anayemeza tamoksifeni, aache aingoje?"

Asiache hata kidonge kimoja, nikamwambia. Kansa yake hulishwa na homoni, na kidonge hicho ndicho kinachozuia harufu ya mahindi isifike kwenye mbegu. Miaka mitano, wengine kumi.

Akaomba nimwandikie hayo kwenye karatasi, kwa Kijaluo.