Alkaloidi za mimea: kuchemsha gome hakutoshi

Dhana: Ukichemsha gome au majani, dawa yote huhamia kwenye maji.

Inategemea ni alkaloidi gani, yaani kemikali ipi kati ya zile za mimea zenye nitrojeni, ambazo nyingi ni chungu na zina nguvu mwilini. Kafeini haisumbui: lita moja ya maji yasiyopashwa moto huyeyusha gramu 20 hivi, na yakichemka huyeyusha zaidi ya gramu 600. Kwinini, dawa ya malaria, ni kaidi. Ikiwa huru, karibu haiyeyuki majini. Ikishikana na asidi hugeuka chumvi, ikayeyuka. Maabara hutumia tabia hiyohiyo: asidi huivuta alkaloidi iingie majini, besi (kinyume cha asidi) huifungua, kisha etha au klorofomu, viyeyushi visivyochanganyika na maji, huipokea. Anayechemsha gome la mkwinini kwa maji matupu hubaki na makapi ambayo bado ni machungu, na sehemu kubwa ya uchungu huo ni kwinini aliyokusudia kuipata.

Dhana: Fuwele nyeupe ni dalili ya usafi.

Hii ndiyo iliyowapoteza hata mabingwa. Mwaka 1811 daktari Mreno, Bernardino António Gomes, alipata fuwele kutoka gome la mkwinini akaona amefika. Mwaka 1820, jijini Paris, wanakemia Pelletier na Caventou walionyesha kuwa mle mlikuwa na vitu viwili: sinkonini, alkaloidi nyingine ya gome hilo, na kwinini. Baadaye ikajulikana kwinidini pia. Hiyo ina atomi zilezile za kwinini, kwa idadi ileile, ila zimepangwa tofauti katika pande tatu, na madaktari wakaja kuitumia kutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika. Jicho halitenganishi hayo. Hutenganishwa kwa kromatografia, njia ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika, na vipimo vingine vya maabara.

Dhana: Kilichotoka kwenye mmea hakidhuru.

Strikinini, nikotini na akonitini ni sumu kali, na zote zimetoka kwenye mimea. Tuendelee.

Dhana: Kiyeyushi kikishakauka, hakuna kilichobaki.

Kukauka kwa macho si kuisha. Ludwig Roselius, mfanyabiashara wa Bremen, alipoanza kuondoa kafeini kwenye buni mwanzoni mwa karne ya 20, alitumia benzini, ambayo leo inajulikana kuwa husababisha saratani. Siku hizi viwanda hutumia maji, kaboni dioksidi iliyoshindiliwa kwa shinikizo kubwa, au viyeyushi vingine ambavyo mabaki yake hupimwa kabla kahawa haijauzwa. Jikoni hakuna kipimo hicho. Isitoshe, mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko lililo mbali, ukawaka.